Fomu Tupu, Lawama kwa Sindano

Ugomvi wa sindano nyembamba na sindano nene za kuchukua sampuli ya uvimbe wa pafu umetujazia kurasa tena. Nimeupa nafasi kwa kuwa waandishi wake wamejiandaa vizuri, na sibishi kwamba sindano nene huleta nyama ya kutosha vipimo vingi. Ila sidhani kama hapo ndipo tunapopotelea. Tunapotelea kwenye fomu inayoandamana na sampuli kwenda maabara. "Uvimbe wa pafu, tafadhali chunguza," basi. Upasuaji wa zamani haukutajwa, wala dozi nzima ya dawa za kifua kikuu ambayo mgonjwa amekwisha kuimeza bure.

Chukua mwanamke aliyetolewa mfuko wa uzazi miaka kumi nyuma kwa sababu ya fibroidi. Leo picha ya kifua ina vinundu mapafu yote mawili. Sindano inaleta seli za misuli laini, zimetulia, hazina dalili ya kugawanyika ovyo. Mwanapatholojia asiyejua habari ya fibroidi ataandika "sampuli haitoshi", au ataanza kusaka sarkoma. Anayejua atapima desmini na vipokezi vya estrojeni na projesteroni, ataitisha slaidi za zamani, na atafika kwenye leiyomioma iliyosambaa, ugonjwa ambao Steiner aliueleza tangu 1939. Mgonjwa huyo huenda akahitaji kufuatiliwa tu, au kuzuiwa homoni. Kumkimbiza kwenye kemotherapi ni kumwonea. Kwetu, fibroidi zilivyojaa, kisanduku kimoja cha kuuliza upasuaji wa uzazi kinatushinda nini?

Saratani ya adenoidi-sistiki ya tezi za mate ina hila zaidi: yaweza kuibukia pafuni baada ya miaka zaidi ya kumi, mgonjwa mwenyewe alikwisha kujihesabu mzima. Bloku ya nta yenye nyama ya uvimbe wa kwanza iko wapi? Imetupwa, kabati lilijaa. Halafu tunaagiza vitendanishi vya bei mbaya kutafuta jibu tulilolichoma moto wenyewe.

Katika toleo hili, makala ya wanaradiolojia kuhusu hewa kuvuja kifuani baada ya sindano isomwe na kila anayeishika. Ile ya viashiria vya uvimbe TFE3 na STAT6 ni ya kitaalamu sana, heri maabara zenye uwezo huo. Barua fupi ya koriokasinoma inatukumbusha kupima hCG kabla ya kuchoma sindano uvimbe unaovuja damu kirahisi.

Kuanzia toleo lijalo, ripoti ya uvimbe uliosambaa pafuni isiyosema kama slaidi za awali zilitafutwa itarudishwa kwa mwandishi kabla haijapelekwa kwa wahakiki.