Cheti cha Mazingira ni Amri ya Kazi, si Nishani

Wako watu wanaodhani kwamba habari za mazingira ni kazi ya mabwana misitu na mabwana samaki, na kwamba askari na polisi hawana la kusema humo. Tarehe 14 Aprili 2020 dhana hiyo ilipata jibu lake. Siku hiyo kisiwa cha mafunjo na udongo, kilichokuwa kikielea katika Ziwa Viktoria, kilisukumwa hadi kwenye bwawa la Nalubaale hapa Jinja, kikaziba njia ya maji yanayoendesha mashine za umeme, na nchi nzima ikaingia gizani. Hakuna adui aliyevuka mpaka, wala risasi moja iliyolia. Majani na matope yalitosha kuukata umeme wa viwanda, maduka, vituo vya polisi na makambi.

Twalikumbusha tukio hilo kwa sababu linahusu jambo ambalo wenye viwanda wa Jinja, Njeru, Kakira na Mbale hawana budi kulifikiri kwa makini, nalo ni cheti cha usimamizi wa mazingira. Wakazi wa Mafubira, gombolola iliyoingizwa katika jiji la Jinja mwezi Julai 2020, wanaishi karibu na ziwa, karibu na Mto Naili, na karibu na viwanda. Humo zimo pia jamaa za askari wetu. Maji yakichafuka, wao ndio wa kwanza kudhurika. Na kiwanda kikifungwa, wao ndio wa kwanza kukosa kazi. Kwa hiyo ni haki yao, na ni haki yetu, kujua cheti hicho ni kitu gani, kina faida gani kwa kampuni, na mpaka wake uko wapi.

Mwaka 1996, miaka minne baada ya mkutano mkuu wa dunia uliofanyika Rio de Janeiro kuhusu mazingira na maendeleo, Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lenye makao yake Geneva, lilitoa kanuni iitwayo ISO 14001. Kanuni hiyo ilirekebishwa mwaka 2004, na tena mwaka 2015. Haisemi kiwanda kitoe moshi kiasi gani au maji machafu kiasi gani. Hayo huamuliwa na sheria ya kila nchi. Inachodai ni utaratibu. Kwanza, kampuni iorodheshe kila kazi yake inayogusa hewa, maji, ardhi na viumbe. Pili, izijue sheria zote zinazoihusu na kuzitii. Tatu, ijiwekee malengo, na imtaje mtu atakayeulizwa juu ya kila lengo. Nne, iwafunze wafanyakazi wake, iandike kumbukumbu, na ijitayarishe kwa hatari kama vile moto au kumwagika kwa mafuta. Tano, ijikague yenyewe. Kisha wakuu wakae, wayatazame matokeo, wasahihishe penye kasoro na kuanza tena.

ISO yenyewe haitoi vyeti. Kampuni humwita mkaguzi wa nje aliye na idhini, na hapa kwetu Ofisi ya Viwango ya Taifa, UNBS, ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Cheti hudumu miaka mitatu, na katikati mkaguzi hurudi kila mwaka kutazama kama kilichoandikwa ndicho kinachotendwa.

Askari yeyote atautambua utaratibu huo mara moja. Kambi yenye nidhamu ina amri za kudumu, ina daftari la ghala ya silaha, ina zamu zinazojulikana, ina mazoezi ya kuzima moto, na ina ukaguzi ambao hauangalii cheo cha mtu. Risasi moja ikikosekana, hapana anayesema kwamba ni jambo dogo. Ataulizwa aliyeipokea, aliyeitoa na aliyetia sahihi. Kanuni ya ISO 14001 inataka pipa la mafuta machafu lihesabiwe kwa namna iyo hiyo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mto nao ni mali, tena ya watu wengi.

Sasa tuzitaje faida. Ya kwanza ni kupunguza hasara. Kiwanda kinapoanza kupima maji, umeme na malighafi, hugundua kwamba sehemu ya kile kinachokiita taka ni fedha zake kinazozitupa. Mfano ulio karibu nasi ni Kakira, kiwanda cha sukari kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Makapi ya miwa, ambayo kwa mtu mwingine yangekuwa rundo la uchafu, huko huchomwa kuchemsha maji na kuzalisha umeme. Mitambo yake ina uwezo wa megawati 52, na kiasi cha megawati 32 huuzwa kwenye gridi ya taifa. Hatusemi kwamba cheti ndicho kilichozaa umeme huo. Twasema kwamba fikira hiyo ya kuulizana kila taka inatoka wapi na yaweza kufanya kazi gani, ndiyo ambayo kanuni hii hutaka kuipandikiza katika kila kampuni.

Faida ya pili ni kuidumisha rasilimali ambayo kampuni yenyewe huitegemea. Huko Kenya, kampuni ya umeme ya KenGen, ambayo imepata cheti cha ISO 14001, huzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini pale Olkaria, ndani na kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, wanamoishi pundamilia na twiga. Maji ya moto yanayobaki baada ya mvuke kutumika hurudishwa chini kwa visima maalumu. Kwa kufanya hivyo hayamwagiki ovyo juu ya ardhi ya hifadhi, na wakati huohuo husaidia kulinda nguvu ya mvuke ulio chini. Tendo moja limeleta manufaa mawili.

Faida ya tatu ni soko. Mwaka 1999 soko la Ulaya lilifungwa kwa samaki wetu wa Ziwa Viktoria, baada ya habari kuenea kwamba wako watu wanaovua kwa sumu. Viwanda vya minofu vilifunga au kupunguza kazi, na wavuvi ambao hawakuwa na hatia walibeba adhabu ya wachache. Soko lilifunguliwa tena mwaka 2000, baada ya ukaguzi kupangwa upya kuanzia mwaloni hadi kiwandani. Ile ilikuwa habari ya usalama wa chakula, wala si ya ISO 14001. Lakini funzo ni lilelile. Mnunuzi aliye mbali hawezi kuja Jinja kutazama kwa macho yake. Hutegemea neno la mkaguzi anayemwamini. Kampuni yenye cheti cha kweli huingia sokoni ikiwa na shahidi, na isiyo nacho hubaki ikijisifu yenyewe.

Faida ya nne ni mikopo na amani na sheria. Mabenki makubwa yanayokopesha miradi, kama Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, huweka masharti ya mazingira kabla ya kutoa fedha. Hapa nchini, Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, sasa inafanya kazi chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019, na sheria hiyo yataka mchafuzi alipe gharama za uchafuzi wake. Kampuni iliyokwisha kuyajua makosa yake kabla ya kuulizwa hulipa fundi; isiyoyajua hungoja mpaka ilipe faini.

Faida ya tano ni kujiandaa. Toleo la mwaka 2015 haliiulizi kampuni tu inayafanyia nini mazingira. Huiuliza pia mazingira yanaweza kuifanyia nini kampuni. Swali hilo si la kinadharia kwa nchi iliyozimwa taa na kisiwa kinachoelea. Si la kinadharia kwa Mbale pia, ambako usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuua watu zaidi ya 20. Mji huo una eneo jipya la viwanda. Kila meneja wa huko na ajiulize leo: maji yakija usiku, mapipa ya kemikali yako wapi, ni nani mwenye ufunguo, na ni nani atakayewapasha habari walio chini ya mto?

Hata hivyo, hatutakuwa tumetimiza wajibu wetu kama tutausifia mfumo huu na kuyanyamazia mapungufu yake. Kampuni ya Samarco ya Brazil ilikuwa na cheti cha ISO 14001. Tarehe 5 Novemba 2015 bwawa lake la matope ya machimbo lilipasuka, kijiji cha Bento Rodrigues kikafunikwa, watu 19 wakafa, na matope yakafuata Mto Doce hadi Bahari ya Atlantiki. Cheti kilikuwepo, na bwawa likapasuka. Hati huonyesha kwamba utaratibu ulikaguliwa siku fulani. Haiwezi kuwa macho usiku kwa niaba ya walinzi waliolala.

Hapa ndipo neno letu linapowahusu hasa askari na polisi. Tangu mwaka 2011 Polisi ya Uganda inacho kikosi chake cha kulinda mazingira, ambacho hushirikiana na NEMA. Ofisa wa kikosi hicho, au polisi yeyote anayefuatana na mkaguzi wa serikali, asirudishwe langoni kwa kuonyeshwa hati iliyotiwa fremu ya dhahabu. Cheti si leseni, wala si kinga mbele ya sheria. Kampuni inayostahili cheti hicho ndiyo itakayofungua lango upesi na kutoa madaftari yake, kwa kuwa imezoea kukaguliwa. Inayochelewesha wageni, huku mfereji wa nyuma ukitiririka, imejishtaki yenyewe.

Wako pia wastaafu wetu wengi waliopata kazi ya ulinzi viwandani. Hao twawaomba wasiyalinde makufuli peke yake. Harufu ngeni mferejini, au lori linalomwaga taka usiku, ni mambo ya kuandikwa katika daftari la zamu kwa saa na tarehe, kama mlinzi mwema afanyavyo.

Nasi tusijitoe katika hesabu hiyo. Kanuni ya ISO 14001 imeandikwa kwa shirika la aina yoyote, kubwa au dogo. Jeshi letu lina shirika lake la biashara, NEC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1989, na yafaa makampuni yake yapimwe kwa kipimo hichohicho tunachowapimia wengine. Makambi nayo hutumia kuni, maji na dizeli, hubadilisha mafuta ya magari na hutupa betri. Kamanda hahitaji kungoja cheti ili aagize mambo hayo yapimwe na kuandikwa. Kadhalika, kampuni ndogo zinazolalamika kwamba ukaguzi wa nje ni ghali, zaweza kuanza na utaratibu wenyewe, maana kanuni hairuhusiwi kwa wenye vyeti peke yao. Na Kituo cha Uzalishaji Safi cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 2001, kiliundwa kwa ajili ya kusaidia viwanda katika kazi ya namna hiyo.

Kwa hiyo twawaambia wenye makampuni wa Jinja na Mbale: kitafuteni cheti, kwa maana kina faida ya fedha, ya soko na ya usalama. Lakini kipokeeni kama askari anavyopokea amri ya kazi, ambayo thamani yake huonekana katika kutekelezwa. Nishani hutolewa baada ya kazi kwisha. Kazi ya kuulinda Mto Naili haina siku ya kwisha, na wanaokunywa maji yake huko chini, kuanzia Jinja hadi Misri, hawatauliza ukutani mwetu kumetundikwa nini. Watayatazama maji.