Miguu tunayo, klabu iko wapi?

Ndugu zangu, nimekuwa kimya wiki mbili hizi. Niko nyumbani Tabora, likizo, na nina hasira kidogo. Nivumilieni.

Jumapili iliyopita niliazima baiskeli ya gia ya binamu yangu, nikavaa ile kaptula ya kubana niliyoinunua Dar kwa mbwembwe, nikashika barabara ya Nzega. Kwenda nilijiona bingwa. Wakati wa kurudi, kama kilomita kumi kabla ya mjini, nikasikia cheni kavu inalia nyuma yangu. "Mwangaluka!" Kijana wa miaka ishirini hivi, juu ya Phoenix nyeusi isiyo na gia, kandambili miguuni, magunia mawili ya mkaa nyuma. Akanipita! Nikakazana nikamshika, nikajificha nyuma ya yale magunia nisipigwe na upepo, na hivyo ndivyo nilivyofika mjini. Nimekokotwa na mkaa, jamani.

Tulipofika nikamnunulia soda. Nikamuuliza kama amewahi kushindana. Akacheka. "Mashindano ya nani, kaka?"

Swali lake ndilo limenikosesha usingizi.

Nchi hii tuna wimbo mmoja: "vipaji vipo". Kila kiongozi akipewa maikrofoni anauimba, na sisi waandishi tunaunakili kesho yake, halafu tunarudi kwenye kurasa zetu za Simba na Yanga. Mimi mwenyewe nimeandika sentensi hiyo mara ngapi? Hivi kipaji kikikaa chini ya gunia la mkaa, hapo kipo kweli?

Mtaniambia mbona mashindano yalikuwepo. Ni kweli. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na mbio za Mwanza zilizodhaminiwa na kampuni ya simu, na watu wa Kanda ya Ziwa, wanaume kwa wanawake, waliziendesha kwelikweli. Siwabezi waliozianzisha. Lakini shindano la siku moja ni kama harusi. Watu wanakula, wanapiga picha, wanaondoka. Kesho yake nani anamfundisha mshindi? Nani ana tairi la akiba? Mdhamini akikunja bango lake, kinabaki nini?

Klabu ndiyo inayobaki. Tazameni majirani. Pale Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, David Kinjah aliwakusanya vijana wa kijijini kwake kwenye kikundi cha Safari Simbaz: baiskeli za kuungaunga, spana za pamoja, na yeyote anayetaka kujifunza anaingia. Miongoni mwao alikuwemo mtoto mmoja wa Kizungu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, Chris Froome. Huyo alikuja kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Alianzia kwenye uwanja wa nyumba ya Kinjah, kabla hajaiona timu yoyote yenye basi.

Rwanda je? Mwaka 2007 waliunda timu ya taifa inayofanya mazoezi na kuishi pamoja. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti alikuwa Olimpiki ya London, na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa Afrika. Kigali, jamani! Kutoka mpaka wetu wa Rusumo hapo ni safari ya saa chache. Na Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France 2024, akaondoka na jezi ya kijani. Hivi Waeritrea wana mapafu mawili zaidi yetu?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yanatokea Tabora. Mji huu ulijengwa na watu waliojua kusafiri kwa kundi. Burton na Speke walitoka pwani Juni 1857, wakafika hapa, Kaze, Novemba. Hawakujileta. Walikuwa ndani ya msafara, na barabara ile ya Bagamoyo hadi Ujiji, kilomita zaidi ya elfu moja, ilikuwa ya wapagazi, Wanyamwezi wakiwa mstari wa mbele. Kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, kama kilo thelathini na kitu. Mbele kirangozi anaonyesha njia, na katikati kila mtu anajua nafasi yake. Kijana alijifunza safari kwa kutembea nyuma ya aliyekwisha kwenda. (Najua njia hiyo ilipitisha pia watumwa na pembe. Siipambi. Nazungumzia ufundi wa wapagazi.)

Mbio za baiskeli ni msafara vilevile. Ukiwa nyuma ya mwenzako, upepo anaukata yeye, nawe unaokoa kama theluthi ya nguvu zako. Mnapokezana. Mtu hafundishwi hilo na video wala hajifunzi peke yake barabarani huku malori yanampumulia shingoni. Kukaa sentimita thelathini nyuma ya tairi la mwenzako bila kuligusa, kupiga kona mkiwa kumi, kula kabla njaa haijauma, yote hayo unayapata kwenye kundi.

Baada ya soda ile nilizunguka mjini, Kanyenye hadi Ipuli, nikiuliza wapi naweza kujiunga. Sikupata pa kujiunga. Ofisi moja niliambiwa niandike barua. Nyingine niliulizwa, "Wewe msomi mzima, baiskeli ya nini?"

Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Sisi wasomi tumeamua baiskeli ni ya maskini, labda iwe ya milioni tatu na helmeti juu, hapo inageuka "mazoezi". Kijana wa mkaa na kijana wa kaptula ya kubana wanapishana barabara moja kila Jumapili bila kujuana. Mmoja ana miguu, mwingine ana spana, simu na muda wa kuandika katiba. Maana klabu inahitaji katiba, viongozi wachache na kusajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, basi. Vikoba tumeweza, kamati za harusi tumeweza, hili limetushinda nini?

Hela? Fundi mmoja mzee pale sokoni, aliyewahi kufunga Swala za NABICO enzi hizo, ameniambia atatutazamia baiskeli bure mwezi wa kwanza. Nilipomshukuru akasema, "Leteni na wasichana, mwanangu. Maji ya mji huu yamebebwa na wao kwa baiskeli."

Basi Jumapili hii saa 12 asubuhi nitakuwa mbele ya stesheni ya reli. Kijana wa mkaa kasema atakuja kama hatakuwa na mzigo. Baiskeli yoyote, hata ya breki moja. Tutakwenda Kwihara na kurudi, polepole. Mwenye pampu aje nayo, yangu imekufa.