Mzigo wa Mwenzio Kanda la Usufi

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi wa pwani hula sima kila siku, na ni nadra kuuliza ni migongo ya nani iliyoulimia unga huo. Tuitazame basi miji miwili ya magharibi ya Kenya, Kitale na Bungoma. Kote kazi ni nyingi, lakini kila mahali humlemea mtu kwa namna yake.

Kitale ni nchi ya mahindi. Tangu mwaka 1964, kituo cha utafiti cha huko kilipotoa mbegu chotara nambari 611, mavuno yamepanda, na haraka nayo imepanda. Mbegu hiyo haifai kuwekwa akiba. Hununuliwa upya kila msimu, pamoja na mbolea. Mvua za Machi na Aprili zikianguka, anayechelewa kupanda huvuna hasara. Mashaka yake ni kukimbizana na wakati.

Kwa wakulima wa miwa wa Bungoma mambo ni kinyume. Muwa hukaa shambani mwaka na nusu au zaidi. Kiwanda cha Nzoia kilianza kusaga mwaka 1978, na wengi wameonja uchovu wa aina nyingine: kungoja malipo, ilhali karo ya watoto haingoji.

Watu hujitibu vipi? Wako wanaokimbilia pombe, ambayo husahaulisha jioni na kuongeza deni asubuhi. Wako wanaozidisha saa za kazi mpaka mwili ukakataa. Wenye busara hushirikiana: leo shamba la huyu, kesho la yule, na akina mama huchangiana fedha kwa zamu. Wamijikenda wanaijua kazi ya namna hiyo kwa jina la mweria.

Lakini kibarua wa shamba la mtu hana mweria. Kinga yake ni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inayompa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilieleza kwamba kuchakaa kwa kazi hutokana na mashaka ya kazini yasiyotatuliwa. Basi tusimwite mchovu mvivu.

Tena tusiishie kuwahurumia walio mbali. Huyo anayetusongea sima majumbani mwetu, siku yake ya kupumzika ni ipi?