Msiuogope Mlio wa Gitaa

Ndugu wapiganaji na askari polisi wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado: mwaka unapoelekea ukingoni, kila mtu hufanya hesabu yake. Mfanyabiashara huhesabu mali, mvuvi huhesabu nyavu zake, na mpenzi wa muziki huhesabu santuri zilizomfaa. Mimi ni mpenzi wa roki na panki, yaani muziki wa gitaa la umeme lipigwalo kwa nguvu, na ngoma ziendazo mbio. Naleta kwenu hesabu yangu ya mwaka, kwa sababu ndani yake limo jambo linalohusu kazi yenu.

Jambo lenyewe ni kijana anayesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani. Amevaa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu, nywele zake hazijui kitana, na redio aliyoibeba inapiga kelele tupu. Ni wepesi kwa askari aliyekesha usiku kucha kumdhania mhuni, au zaidi ya mhuni. Mkagueni mfuko wake na karatasi zake, maana hiyo ni haki ya ulinzi na hakuna raia mwema atakayeikataa. Lakini muziki wake usiwe ushahidi dhidi yake.

Kudhania kwamba ngurumo ya gitaa huzaa uhalifu si jambo geni. Mwaka 1969 wakuu wa serikali mjini Dar es Salaam waliupiga marufuku muziki wa soul, kwa hoja kwamba unawaharibu vijana. Nia yao haikuwa mbaya, kwani taifa changa lilikuwa likitafuta utamaduni wake. Hata hivyo, kutoka jiji hilohilo likazuka kundi la Sunburst, na mwaka 1976 likatoa santuri yake iitwayo Ave Africa. Hiyo ndiyo santuri yangu ya kwanza. Ndani yake gitaa la roki limekaa pamoja na midundo ya Kiafrika, na waimbaji wanaimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mwenye kuisikiliza kwa makini hatapata uharibifu wowote. Atawapata vijana waliochukua chombo cha kigeni wakakifundisha lugha ya nyumbani.

Mwaka huohuo wa 1976, kule New York, kundi la Ramones lilitoa santuri yake ya kwanza, nyimbo 14 zisizotimiza hata nusu saa. Huo ndio mzizi wa panki. Baadaye panki ikaoana na nyimbo laini za kupendeza, na mwaka 1994 kundi la Green Day likaitangaza duniani kwa santuri ya Dookie. Sizitii santuri hizo katika hesabu yangu ya leo, bali nazitaja ili askari ajue kwamba kelele anazozisikia ni sanaa yenye historia, wala si wazimu wa kijana mmoja.

Santuri yangu ya pili inatoka Zambia. Ni Zango ya kundi la WITCH, iliyotolewa mwaka 2023 baada ya kundi hilo kukaa miongo kadhaa bila kutoa santuri mpya. Mwimbaji wake, Emanuel Chanda, ambaye wapenzi humwita Jagari, alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha roki ya Zambia katika miaka ya 1970. Wakati huo Zambia ilikuwa imezungukwa na vita vya ukombozi vya majirani, na ikafika siku usiku ukawa wa giza na wa kutotoka nje. Wanamuziki wale hawakugombana na dola. Walihamisha dansi kutoka usiku wakaipeleka alasiri, saa za kunywa chai. Naomba makamanda walishike jambo hili, maana nitalirejea.

Santuri ya tatu inatoka mbali, lakini ndiyo iliyo karibu zaidi na mioyo yetu. Mwaka 2012 makundi yenye silaha yaliiteka kaskazini ya Mali, na mara yakaupiga marufuku muziki. Vyombo vilichomwa moto, na wapiga gitaa wakakimbilia Bamako. Wachache kati yao wakakutana huko uhamishoni, wakaunda kundi la Songhoy Blues, na mwaka 2015 wakatoa santuri iitwayo Music in Exile, yaani muziki wa uhamishoni. Ni roki hasa, yenye gitaa kali na mwendo wa kuchezeka. Nani hapa pwani asiyejua maana ya uhamisho? Tangu vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vishambuliwe tarehe 5 Oktoba 2017, na tangu Palma ivamiwe Machi 2021, watu wetu wamelala Pemba, wamelala Montepuez, wamelala chini ya mikorosho. Santuri ile inatufundisha kwamba mtu aliyenyang'anywa mji anaweza bado kuuchukua wimbo wake mkononi.

Santuri ya nne ni ya nyumbani: Majurugenta ya kundi la Ghorwane, iliyotolewa mwaka 1993. Hawa ni vijana wa Maputo, na gitaa zao zinakwenda bega kwa bega na tarumbeta. Nyimbo zao hazikuogopa kutaja makosa ya wakubwa, na hata hivyo Rais Samora Machel aliwaita vijana wazuri. Lakini Zeca Alage, mpiga saksafoni na mtunzi wao, aliuawa mwaka 1993, na mpiga gitaa Pedro Langa naye aliuawa mwaka 2001. Kila niisikilizapo santuri hii hukumbuka kwamba wanamuziki ni raia wanaohitaji ulinzi kama wengine, tena huonekana kwa urahisi kuliko wengine.

Najua hoja ya askari. Atasema kwamba kelele huficha nyayo za adui, na kwamba mkusanyiko wa usiku ni shabaha. Anasema kweli, na raia anayepuuza hilo hajui vita. Lakini wahenga nao walisema kweli: kimya kingi kina mshindo mkuu. Kijiji kinachonyamaza kuanzia magharibi hadi alfajiri si lazima kiwe kijiji chenye amani. Huenda kinaogopa, na raia mwenye hofu hamwelezi askari alichokiona porini. Raia huyohuyo akicheza dansi mbele ya askari siku ya Jumamosi, Jumatatu atamwamini kwa habari nzito.

Basi tuchukue dawa ya Zambia. Pale amri inapozuia watu kutoka usiku, kamanda na aruhusu dansi ya alasiri, kwa taarifa na kwa muda maalumu, watu wawe majumbani kabla ya jua kuzama. Mapiko wacheze, tufo lichezwe, na kijana wa fulana ya fuvu naye apewe nusu saa yake. Panki haihitaji zaidi ya hapo.

Wala jambo hili si geni kwa wavaa sare. Vita vya ukombozi vilipoanza Chai tarehe 25 Septemba 1964, wapiganaji wa FRELIMO waliingia msituni wakiimba, na katika kambi ya Nachingwea vijana wa makabila mbalimbali walifundishana ngoma na nyimbo zao. Ng'ambo ya Ruvuma, polisi wa Tanzania walikuwa na Polisi Jazz na jeshi lilikuwa na Mwenge Jazz, bendi zilizochezewa na umma mzima. Askari aliyewahi kushika gitaa hawezi kulishuku gitaa lililo mikononi mwa kijana.

Hesabu yangu ina santuri nne. Nafasi ya tano nimeiacha wazi, nayo ni ya vijana wa Palma, wa Mocímboa na wa Macomia, watakaopiga gitaa kwa Kimwani, kwa Kimakonde na kwa Kiswahili. Watakapopita kizuizini na vyombo vyao, ndugu askari, wakagueni kisha muwapishe.