Bando likikata, usianze na mwenye gemu

Wiki mbili zilizopita nilimkosea mwanangu. Naanza na hilo kwa sababu najua sipo peke yangu.

Nyumbani kwetu tunatumia ruta ya laini. Kila tarehe 1 tunaweka kifurushi cha GB 25, na kwa hesabu za baba watoto kinatakiwa kitufikishe mwisho wa mwezi. Mwezi huu kilikata tarehe 11. Ule ujumbe wa kukuonya kwamba bando linakaribia kwisha unaingia kwenye laini iliyomo ndani ya ruta, sasa nani anausoma? Nilijua pale tamthilia yangu ilipoganda, mkwe amesimama mlangoni na hakuna wa kumfungulia.

Sikuuliza mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwa kijana wangu wa darasa la sita, nikamnyang'anya kishikwambi na kukifungia kabatini. Yeye ndiye mwenye gemu. Akitoka shule, akivua sare tu, ni Free Fire na wenzake, kelele mpaka kwa jirani. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, lakini gemu haili hivyo." Nikamwambia asinijibu.

Jumapili akaja mdogo wangu, ambaye ni fundi simu. Nikamsimulia habari za mpwa wake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Dada, umepima?" Nikakaa kimya. Tukafungua kabati.

Kwenye kishikwambi aliingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao, akafungua matumizi ya data ya waifai. Ikatokea orodha, kila programu na kiasi ilichokula tangu mwezi uanze. Gemu: GB 0.9. YouTube: GB 8. Na duka la programu, lile la Play Store: GB 4.6. Akaomba na simu yangu. Nilimpa huku nikicheka, nikaacha kucheka nilipoona GB 7, karibu zote tamthilia na video fupi ninazopitisha kidole usiku nikisubiri usingizi. Ukijumlisha hapo unapata GB 20 na nusu. Zilizobaki hazikuwa na mwenyewe, maana simu ya baba yao haikuwepo siku hiyo.

Mdogo wangu alinieleza hivi. Gemu ikishapakuliwa, ramani, silaha na sura za wachezaji vyote tayari vimo ndani ya kifaa. Kinachopita kwenye mtandao wakati wa kucheza ni taarifa ndogondogo: huyu amesogea kushoto, yule amepiga risasi. Ndiyo maana gemu nyingi za simu hutumia makumi ya MB kwa saa, si GB. Video ni kitu kingine, kwa sababu picha yenyewe inasafirishwa, sekunde kwa sekunde. Netflix wenyewe wanasema filamu yenye ubora wa juu inaweza kufika GB 3 kwa saa moja. Kwa hiyo mtoto anayecheza hutumia kidogo kuliko mtoto anayeangalia video za mtu mwingine akicheza. Na wetu hufanya yote mawili! Akiuawa kwenye gemu anahamia YouTube kujifunza mbinu, na YouTube ikimaliza video moja inajiwekea nyingine.

Na ule mzigo wa duka la programu? Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na aliyeniuzia ruta. Simu na vishikwambi vingi vimewekwa visasishe programu vyenyewe vikiwa kwenye waifai, kwa kuamini kwamba waifai haina kikomo. Kifaa hakijui kwamba waifai yako inatoka kwenye laini yenye bando la kuhesabu. Kikiona ruta, kinafurahi. Kinashusha toleo jipya la gemu hii, na ile, na nyingine tatu ambazo mtoto alishaziacha tangu likizo. Usiku, watu wamelala.

Dawa yake ipo na ni ya dakika mbili. Kwenye simu za Android, gusa jina la waifai yako ndani ya mipangilio, kisha tafuta sehemu ya matumizi ya mtandao huo na uchague uhesabiwe kama mtandao wenye kikomo. Kama simu yako ni ya Kiingereza, maneno yenyewe ni "Treat as metered". Kwenye iPhone, bonyeza alama iliyo pembeni ya jina la waifai, uwashe "Low Data Mode". Halafu ingia duka la programu uzime kusasisha kwenyewe. Utasasisha wewe, moja moja, ile inayotumika. Zima pia kule kujiendeleza kwa video za YouTube na ushushe ubora wake. Kwenye kioo kidogo cha simu, 360p inatosha kabisa, na mtoto atalalamika siku mbili tu.

Wenye PlayStation na mashine za aina hiyo, mna kesi yenu. Jirani yangu alidhani mtoto wake anaamka usiku kucheza, kumbe mashine huwa haizimwi, inalazwa tu, na ikiwa imelala inaendelea kushusha masasisho. Gemu kubwa kama Call of Duty toleo lake jipya linaweza kuwa makumi ya GB. Hilo bando la mwezi la familia ya kawaida halimalizi hata usiku. Izime kabisa, au ingia kwenye mipangilio yake uikataze kupakua ikiwa imelala.

Niseme na jambo moja kabla hamjawafungulia watoto milango yote. GB ndogo si saa ndogo. Mtoto anaweza kucheza saa tano akatumia MB 300, bando likabaki zima na kazi ya shule haijaguswa. Nawajua wazazi wanaotegemea bando likate ndipo mtoto alale. Mimi nilikuwa mmoja wao. Muda una kanuni yake nyumbani kwetu, saa moja siku za shule baada ya kazi za darasani, na kanuni hiyo haihusiani na ruta.

Jioni ile ile ya Jumapili nilimwita kijana. Kumwambia mtoto "nisamehe" si jambo tulilolelewa nalo wengi wetu, na mimi maneno yalinikwama kooni. Nilianza kwa kuzunguka, mara nimuulize habari za shule, mara kama amekula. Mwishowe nikamwambia kwamba nilimhukumu kabla ya kupima, na kwamba alisema kweli nikamnyamazisha. Aliinama, akauliza kama anaweza kupata kishikwambi chake. Nilimpa. Alipofika mlangoni akageuka, akasema, "Mama, na mimi YouTube nitapunguza." Sikumwomba.

Sasa yeye ndiye msoma mita. Kila Jumamosi asubuhi anapita na daftari, anafungua kila kifaa, anaandika jina na kiasi, kisha analibandika karatasi kwenye friji. Mdogo wake anamfuata nyuma akitaja namba kwa sauti. Jumamosi iliyopita simu ya baba yao nayo ilipatikana. Ilikuwa mpira, magoli ya ligi zote za dunia, GB 3.8. Ametuomba tusiandike, lakini karatasi ilikuwa imeshabandikwa.