Aliyekatwa utumbo na funga ya Ramadhani



Ndugu Waislamu, usiku mmoja baada ya swala ya Isha, mama mmoja wa hapa Ipagala alinijia na shauri la mumewe. Bwana huyo aliugua homa ya matumbo hata utumbo ukatoboka, akapasuliwa na kipande kikakatwa. Jeraha lilikwisha kupona, naye akila ugali na mlenda kama wenzake, lakini alizidi kukonda na miguu yake ikifa ganzi. Jamaa wakasema amerogwa. Mwenyewe aliazimia kufunga Ramadhani yote, asije akaitwa kobe.

Hapana uchawi hapo. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6, nao ndio unaonyonya lishe na kuiingiza katika damu. Sehemu yake ya mwisho ndiyo inyonyayo vitamini B12, na huko chini ndiko homa ya matumbo hutoboa zaidi. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha habari za wagonjwa 104 wa maradhi hayo, na wengi wao walitobolewa upande huo. Sehemu hiyo ikikatwa kwa kiasi kikubwa, vitamini hiyo hupita bila kunyonywa. Ini huwa na akiba yake ya miaka kadhaa. Ndiyo maana ganzi na upungufu wa damu huja watu wamekwisha kuusahau upasuaji. Tiba yake ni sindano za vitamini hiyo, aghalabu kwa maisha yote. Aliyekatwa sehemu kubwa huhitaji pia milo midogo midogo mara nyingi kutwa, na akiharisha hupoteza maji na chumvi. Huyo atafungaje katika jua la Dodoma?

Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, imempa mgonjwa ruhusa. Anayetarajiwa kupona atalipa siku nyingine. Asiyetarajiwa, wanazuoni wamesema alishe masikini mmoja kwa kila siku. Salman al-Farisi alipomzuru Abu Dardaa akamkuta amefunga sunna, alikataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, akamkumbusha kuwa nafsi yake pia ina haki. Mtume (S.A.W.) alimsadiki Salman.

Hata hivyo, si kila aliyepasuliwa amesamehewa. Yuko aliyekatwa kidogo, na utumbo uliobaki ukajizoesha kazi. Neno hapo ni la daktari mwaminifu, si la majirani.

Niliyomwambia mama yule nawaambia nanyi: mrudisheni mgonjwa hospitali, elezeni alikatwa sehemu gani na kiasi gani, na karatasi za upasuaji zihifadhiwe. Wala anayekula mchana kwa udhuru asifanyiwe stihizai. Mwili ni amana, na kuupokea msamaha wa Mola wako ni ibada pia.