Kuingia mashindano kwa mara ya kwanza



Kwenye mkutano wa juma lililopita, baada ya kuhesabu akiba ya AVEC, tuliweka karatasi mezani ili wenye kutaka kucheza mpira siku ya 8 mwezi wa tatu waandike majina yao. Vikundi vingine vya wamama vimetualika. Tunahitaji majina 11, na mengine machache ya kubadilisha. Karatasi ilizunguka chumba chote ikarudi na majina 4, na moja kati ya hayo ni la mama aliyefikiri anajiandikisha kwa zamu ya kutengeneza sabuni. Tulicheka sana, lakini tulirudi nyumbani na mawazo.

Sababu tulizisikia zote. Mmoja hajawahi kugusa mpira. Mwingine amezaa mara sita. Mwingine anajiuliza bwana atasema nini akimwona na kaputula. Na sisi tunaoandika hapa tuliogopa kwamba wanafunzi wetu watatucheka asubuhi yake darasani. Hakuna aliyesema hataki. Ndiyo maana juma hili tunaweka pembeni habari ya maji safi tuliyowaahidi, tuongee kwanza juu ya hofu ya kuanza.

Kuna wanawake 24 wa mji wa Vancouver, nchini Kanada, ambao habari yao inatufaa. Wote walikuwa wameugua kansa ya titi na kutibiwa. Wakati ule madaktari wengi walimwambia mwanamke wa namna hiyo: usibebe kitu kizito, usifanye kazi ya kurudiarudia kwa mikono, la sivyo mkono utavimba na hautapona tena. Hebu fikirini kumwambia hivyo mama wa Mabalako, mwenye jembe, mwenye kikapu cha mihogo, mwenye kakao ya kuvuna! Hata kule Kanada, mwanamke aliyeambiwa hivyo alianza kuogopa mkono wake mwenyewe, hata kumbeba mtoto.

Mwaka 1996 daktari mmoja wa chuo kikuu cha British Columbia, Don McKenzie, aliona kwamba katazo lile halijapimwa vizuri. Akatafuta mchezo unaotumia mikono kwa nguvu sana, akachagua mashindano ya mtumbwi wa joka.

Waliokwenda Kyavinyonge kununua samaki wameona mitumbwi ya wavuvi kwenye ziwa Edouard, wanaume wachache ndani ya kila mmoja, na wamama wakingoja ufukoni. Mtumbwi wa joka ni mwembamba na mrefu kuliko ile, na mbele yake kumewekwa kichwa cha joka. Unatoka Uchina, ambako watu wamekuwa wakishindana nao tangu zamani sana. Ndani wanakaa watu 20 wenye makafi, wawili wawili. Mbele anakaa mmoja anayepiga ngoma, na nyuma anasimama mmoja wa kuuongoza. Kafi zote zinatakiwa kuingia majini kwa pamoja. Mwenye nguvu nyingi asiyefuata wengine anauchelewesha mtumbwi, na mwenye nguvu kidogo anayefuata anausaidia. Tulipoelewa jambo hilo tulifurahi, maana sisi tulidhani mashindano ni ya wenye misuli tu.

Basi wale wanawake walianza mazoezi ya mwili kidogo kidogo, chini ya uangalizi, halafu wakaingia majini, na mwezi wa sita mwaka uleule wakashindana mbele ya watu. Daktari aliwafuata na kupima mikono yao. Hakuna hata mmoja aliyepata uvimbe mpya. Baada ya msimu ule waliendelea, na leo vikundi kama chao viko katika nchi nyingi. Wanapokutana, mwisho wa mashindano, wanasogeza mitumbwi yao pamoja na kutupa maua majini kwa ajili ya wenzao waliofariki. (Mama mwenye ugonjwa huo asiseme tumemruhusu kufanya lolote. Aanze kwa muganga wake, kama wao walivyoanza kwa daktari.)

Kuna mwanaume mmoja pia ambaye hatutaki kumsahau. Hamadou Djibo Issaka wa Niger alikwenda Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 kushindana kwa mashua ya mtu mmoja, akiwa na mazoezi ya miezi 3 tu. Nchi yake ni ya jangwa. Wenzake walifika, wakapumzika, yeye bado anavuta makasia. Magazeti yalimpa jina la mnyama mvivu. Lakini watu walioketi kando ya maji walimpigia kelele za kumtia moyo mpaka akamaliza. Wengi waliomshinda siku ile hatuwajui kwa majina, yeye tunamjua. Hata hivyo tusidanganyane, kuwa wa mwisho kunauma.

Sisi walimu tunajua jambo hili kutoka upande mwingine. Tulipokuwa kwenye chuo cha ualimu, siku ya kwanza ya kufundisha mbele ya darasa la kweli, chaki ilitetemeka mkononi na nusu ya somo tuliisahau. Hofu ile haikuondoka kwa mashauri. Iliondoka kwenye somo la nne au la tano, wakati tulipokuwa tunafikiria watoto kuliko sisi wenyewe. Mtoto wa darasa la kwanza hatumpi insha. Tunampa kijiti kimoja achore, kesho viwili.

Katika kikundi chetu yuko mama aliyepona Ebola. Tangu ugonjwa ulipotangazwa Mangina tarehe 1 mwezi wa nane 2018 hadi ulipotangazwa kuisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020, watu zaidi ya 2,200 walifariki, na hakuna nyumba hapa isiyojua mtu. Yeye alirudi na cheti cha kupona, lakini kwa miezi mingi hakuna aliyenunua ndizi zake. Baada ya mkutano alitufuata nje. Alisema viungo vinamuuma bado, hawezi kukimbia, lakini anaomba apewe ngoma akae kando ya kiwanja. "Mnanihesabu?" ndivyo alivyouliza. Tulimjibu ndiyo kabla hatujafikiri, na tulipofika nyumbani tuliandika jina letu kwenye karatasi ile. La kwake tuliliweka juu.

Basi tumepanga hivi. Mazoezi ni siku ya posho, saa nane, kwenye kiwanja cha shule. Saa kumi kamili tunafunga ili kila mmoja afike kwake mapema, mnajua sababu. Juma la kwanza hatutacheza mpira wowote: tutatembea haraka, tutapasiana wawili wawili, basi. Kaputula si lazima. Mwenye kutaka avae suruali na kikwembe juu yake, kiwe kimefungwa vizuri. Viatu vya mpira tunavyo pea 6, tutabadilishana. Wenye kunyonyesha walete watoto, mama wakubwa wawili wamekubali kuwalinda chini ya mwembe. Kama bwana ana maswali, aje aangalie, ila akija atatusaidia kuokota mipira.

Mpaka tunapoandika haya majina yamefika 9. Kipa bado hatuna.